Farasi wa Pumzi Mbili

Njia iendayo Pumuani haina la kusimulia. Ni ndefu, ni ya mawe, na aliyeipita mara moja hatamani kuirudia. Mambo yanaanzia langoni.

Hapo langoni ndipo Mwanamkuu binti Hatibu, daktari wa farasi kutoka mji wa Mtangani, alipoteremka kwenye tandiko, akanyoosha mgongo na kumsalimu mlinzi. Mlinzi hakuitika. Alimpita kama mtu anayepita nguzo, akamwendea farasi wake jike aitwaye Hariri, akamwinua kichwa na kuchungulia tundu za pua kwa uangalifu wa mtu aliyeambiwa kisimani mna nyoka.

"Pumzi yake ya wapi?" akauliza.

"Ni farasi wangu mimi."

"Sikuuliza wa nani, mama. Nimeuliza pumzi yake ya wapi."

Mlinzi akatoa kijiti kirefu chenye pamba nchani, akakiingiza puani mwa Hariri hata farasi akapiga chafya na kurudi nyuma, kisha akaipaka ile pamba kwenye sahani yenye uji wa mwani ulioganda. Akaifunika sahani. Hariri akafungwa kitambaa cheusi sikioni, alama ya asiyejulikana.

Kazi hiyo Mwanamkuu aliijua vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Ndani ya pua na koo la kila farasi wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, kabila kwa kabila. Wengi hawana neno, na wengine ni kama wapangaji wema: wakiwa wameijaza nyumba, mwizi hapati pa kuingia. Ukiwapaka kwenye uji wa mwani huota madoadoa ya rangi, na mjuzi huyasoma. Kwao Mtangani aliyasoma ili ajue farasi anaumwa nini. Hakuwa amewahi kumwona mtu anayeyasoma ili ajue farasi anampenda nani.

Alikuwa ameitwa. Baraza la Pumzi la nchi hiyo lilituma mjumbe kumwomba aje kutoa ushahidi katika kesi moja kubwa. "Hukumu tunayo tayari," mjumbe alisema bila haya. "Tunachotaka ni mgeni wa kuitikia, dunia isije ikasema tumeonea." Mwanamkuu alipaswa kukataa siku ile ile. Lakini alikuwa mtu wa kutaka kujua, na udadisi ni ugonjwa ambao madaktari hawautibu.

Pumuani ni nchi mbili zilizovaa jina moja. Kuna Juu, uwanda wa upepo mkavu na vumbi jekundu, ndiko uliko mji mkuu. Na kuna Bondeni, kwenye mto, ambako majani humfika farasi tumboni na ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali. Zamani mpimaji mmoja aligundua kwamba pamba ya farasi wa Juu huotesha madoa ya njano, na ya farasi wa Bondeni huotesha madoa ya kijani yenye manyoya kama ukungu wa mkate. Jambo hilo ni kweli, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Uongo mtupu huchoka upesi; ukweli uliopindwa hutembea mbali.

Kwenye ukweli huo wakajenga sheria. Farasi wa kijani asipite barabara kuu. Asinywe kwenye visima vya Juu. Mwenye farasi wa kijani asishike cheo, kwa sababu mtu na pumzi ya farasi wake ni kitu kimoja. Na farasi wawili wasikutanishe pua hadharani. Watu waliamkiana kwa neno moja, "Pumzi?" na jibu lilikuwa "Ya hapa." Aliyechelewa kujibu alitazamwa mpaka apotee kwenye kona. Penye milango ya ofisi paliandikwa kwa herufi nene: MTU HUDANGANYA, PUA HAIDANGANYI.

Kitu kilichomshtua zaidi Mwanamkuu kilikuwa mifuko. Kila farasi wa mji ule alivikwa puani kifuko cha vumbi jekundu la Juu, ili pumzi yake isisahau kwao. Na kila farasi alikuwa akikohoa. Walikohoa sokoni, walikohoa mbele ya ofisi, kikohozi kikavu cha kukwaruza ambacho daktari yeyote angekitambua akiwa amefumba macho.

"Hawa wanaumwa na nini?" alimuuliza mlinzi aliyekuwa akimpeleka kwa wenyeji wake.

"Hila za Bondeni," mlinzi akajibu. "Ndiyo maana mwaka huu tumeongeza vumbi."

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Haidari, Mpimaji Mkuu wa Pumzi. Mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono safi mno. Hakuwa na mke wala rafiki, maana wote wawili huja na farasi wao. Alimkaribisha kahawa, akainywa yeye kwanza kutoka kikombe cha mgeni, akangoja kidogo, kisha akamsogezea.

"Usione vibaya, dada," akasema. "Hapa ndivyo tunavyoheshimiana."

Mwanamkuu alicheka moyoni. Lakini baada ya siku chache alijikuta akigeuza kitanda kisielekee dirisha, na kumpigia hesabu mtumishi kila alipopita mlangoni kwake: anapita kwa kazi, au anapita kusikiliza? Mbona Haidari hamuulizi kitu? Mtu asiyeuliza ama anajua, ama ameshaamua.

Kesi yenyewe ilimhusu mkunga, Bi Jokha, na farasi wake Zumari. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa akizalisha Juu na Bondeni, akipanda na kushuka ule mteremko popote alipoitwa. Walipompima Zumari, sahani iliota njano na kijani, zimechanganyika kama mchele na choroko. Kosa lake liliitwa pumzi mbili, na katika Pumuani hapana kosa kubwa kuliko hilo. Farasi achinjwe, mwenyewe afukuzwe nchini.

Mwanamkuu aliomba kumwona. Mkunga alikuwa amefungwa zizini pamoja na farasi wake, kwa mujibu wa sheria. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipomwona mgeni aliuvuta mfuko wa tandiko akauficha nyuma ya miguu yake. Jambo dogo, lakini Mwanamkuu aliliona, na likamganda.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni daktari."

"Marahaba. Daktari wa nani?"

"Wa farasi."

"Sikuuliza wa nini. Wa nani? Nani kakutuma?"

"Baraza limeniita, ila sijaja kuwatumikia."

"Wote husema hivyo," Bi Jokha akasema. "Aliyekuja kabla yako aliniletea ndizi. Nilipomaliza kula akaniuliza majina ya niliowazalisha huko chini."

Mwanamkuu akamwendea Zumari. Alikuwa farasi aliyehasiwa, mzee kidogo, hana kifuko cha vumbi. Akamwekea sikio ubavuni. Hewa iliingia na kutoka laini, bila mkwaruzo. Katika mji mzima, huyu aliyehukumiwa ndiye farasi wa kwanza aliyemsikia akipumua vizuri.

"Mfukoni mna nini, bibi?"

"Mna vyangu."

"Nikiulizwa mbele ya Baraza kama unabeba siri za Bondeni, niseme nini?"

"Sema hujui. Si ndiyo kweli?"

Mwanamkuu akatoka pale na shaka. Huenda mkunga huyu kweli ni mjumbe wa watu wa Bondeni. Mkunga anaingia kila nyumba, na hakuna anayempekua. Alijichukia kwa wazo hilo, lakini lilikataa kutoka. Asubuhi yake alirudi wakati Bi Jokha amepelekwa kuhojiwa, akaufungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na majani makavu yaliyolowekwa maji, basi. Mkunga alikuwa akimlowekea farasi wake chakula ili vumbi lisimwingie mapafuni, na katika nchi hiyo kuliogopa vumbi la Juu ni uhaini. Mwanamkuu aliufunga mfuko kama alivyoukuta, masikio yakimwaka moto. Zumari alikuwa akimtazama, naye hakuweza kumtazama.

Ndipo alipofanya alichopaswa kufanya mapema. Alikwenda kwa Haidari akamwomba ampime tena Hariri. Sahani ya kwanza, ile ya langoni, ilikuwa imeota rangi ambazo watu wa Pumuani hawakuwa na majina yake. Sahani hii ya pili, baada ya Hariri kukaa majuma kadhaa kwenye zizi la Juu, akila majani ya Juu na kuvuta upepo wa Juu, iliota njano karibu yote.

"Unaona?" Mwanamkuu akasema. "Farasi ni yule yule. Hakubadili asili wala hakula kiapo. Amebadili hewa tu. Vijidudu hivi havisemi farasi ametoka wapi wala moyo wake uko wapi. Vinasema amelala wapi na amekula nini."

Haidari alikaa na sahani mbili mkononi, akizigeuza kwenye mwanga. Alikuwa mpimaji wa kweli, na mpimaji wa kweli huumia anapoona jambo jipya.

"Au," akasema hatimaye, "farasi wako ametuibia pumzi yetu."

Baraza lilikutana katika ukumbi mpana. Wazee waliketi mbali mbali, kila mmoja na kipepeo chake cha ukindu, akiipeperusha pumzi ya mwenzake isimfikie. Mwenyekiti, Mzee Dachi, alimwita mgeni aseme.

Mwanamkuu alisema yote: ile sahani ya langoni na ile ya pili, ukungu wa Bondeni na vumbi la Juu. Akawaambia kwamba Zumari ana rangi mbili kwa sababu analala huku na huku, na kwamba pua yenye wapangaji wengi wa namna nyingi mara nyingi ndiyo yenye afya. Akawaambia pia kwamba kikohozi cha mji wao hakikuletwa na mtu. Wamekishona wenyewe kwenye vifuko na kukifunga puani mwa wanyama wao.

Mzee mmoja akauliza, "Je, unamthibitisha mkunga huyu kuwa mwaminifu?"

Swali lilikuwa mtego, naye alijua. "La," akajibu. "Simjui. Nilimshuku mimi mwenyewe, na nilimshuku bure. Lakini hata kama angekuwa mwizi, pua ya farasi wake isingejua."

Bi Jokha, kizimbani, alimtupia jicho. Alielewa mfuko umefunguliwa.

"Maneno matupu!" mzee mwingine akafoka. "Farasi mgeni hawezi kuwa ushahidi. Damu yake haina mizizi hapa. Farasi wa Juu halisi habadiliki, hata umlaze wapi."

"Basi pimeni wa kwenu," Mwanamkuu akasema. "Wa Baraza."

Vipepeo vyote vikasimama. Kila mzee alimtazama jirani yake, na kila jirani akatazama mguu wake. Mzee Dachi akakohoa, akasema heshima ya Baraza hairuhusu kijiti kuingia kwenye zizi la mzee. Wakapiga kura upesi. Hakuna aliyepinga.

"Mimi si mzee wa Baraza," Haidari akasema.

Alisimama, akatoka nje, akarudi akimvuta farasi wake mwenyewe, dume jeusi lililokuwa likikohoa kila hatua. Akalivua kifuko, akaingiza kijiti mbele ya macho ya wote, akapaka sahani, akaifunika. "Halisi zaidi ya huyu hamna," akasema. "Baba yake na babu yake walizaliwa kwenye uwanda huu. Mgeni aone, anyamaze." Akaitia sahani kabatini, akafunga kwa kufuli, na kesi ikaahirishwa mpaka sahani iote.

Siku hizo za kungoja zilikuwa za ajabu. Hakuna mzee aliyepangiwa kupimwa, ila hakuna mzee aliyeamini hivyo. Mazizi yao yakaanza kufagiliwa. Marobota ya majani yakatupwa nje kwa haraka, tena mchana kweupe, na wapita njia wakasimama kuyanusa. Yalikuwa majani laini, ya kijani, yenye unyevu. Uwanda wa Juu hauoti jani kama lile. Watu wa mjini walizidi tu kutazamana. Mama mmoja aliokota ukoka mmoja, akaunusa, akautia kwenye kanga yake kama kitu cha kuja kutumika.

Siku ya hukumu Haidari alikuja na sahani peke yake. Hakumtuma mtu. Uso wake ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyetoka kuzika. Akaiweka mezani na kufunua.

Kijani. Kijani chenye manyoya, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Imebadilishwa!" Mzee Dachi akasema, akimnyooshea Mwanamkuu kidole. "Huyu mwanamke—"

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," Haidari akasema. "Kijiti kilikuwa changu, na mkono ulikuwa wangu. Haikubadilishwa." Kisha akamgeukia Mwanamkuu kwa sauti ya chini. "Farasi wangu hajawahi kukanyaga Bondeni."

"Anafungiwa zizi lisilo na dirisha," Mwanamkuu akasema, "na kwa heshima ya cheo chako Baraza linamlisha majani yale yale ya wazee. Yanatoka Bondeni, Bwana Haidari. Yamevunda kidogo. Bonde limepandishwa likaletwa puani kwake."

"Ulijua?"

"Nilishuku."

"Mbona hukuniambia tukiwa wawili?"

"Ungeniamini?"

Haidari alibaki akiitazama ile sahani, na Mwanamkuu aliona kwamba mtu huyu, ambaye maisha yake yote alishuku kila kitu, alikuwa na kitu kimoja tu alichokiamini, nacho kilikuwa pale mezani kimeota manyoya.

Baraza lilijifungia na kushauriana. Ungefikiri sheria ingefutwa. Lakini wenye vyeo hawafuti sheria. Huipaka rangi nyingine. Walipotoka, Mzee Dachi alitangaza kwamba uji wa sahani hupikwa kwa mwani, mwani hutoka baharini, na bahari iko upande wa Bondeni. Kwa hiyo sahani zote zina upendeleo na zivunjwe. Kuanzia siku hiyo farasi watatambuliwa kwa mlio wa kwato. Bi Jokha aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi, akaonywa asipande tena Juu bila kibali. Daktari mgeni aondoke kabla ya jua kuchwa, kwa kosa la kuleta mashaka katika nchi yenye imani.

Haidari aliambiwa arudi kazini, akajifunze kwato.

"Niliapa kwa sheria ya pumzi," akasema. "Kwa sheria hiyo mimi ni mtu wa kijani. Nimewafukuza wengine kwa sahani nyepesi kuliko hii." Akavua kofia yake ya cheo, akaiweka juu ya meza. Wazee walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkunga. Mwizi hufungwa na mwongo hunyamazishwa, lakini hakuna aliyejua afanywe nini mtu anayejihukumu mwenyewe. Wakamwambia aende zake.

Wakatoka langoni watatu, kila mmoja na farasi wake. Penye njia panda Bi Jokha alisimama. Kulikuwa na mwanamke aliyekaribia kujifungua huko chini, na alikuwa amechelewa kwa ajili ya kesi.

"Ulifungua mfuko wangu," akamwambia Mwanamkuu.

"Nilifungua. Nisamehe, bibi."

"Nitakusamehe, ila si leo. Leo nimechoka na watu wanaonichungulia." Kisha akamgeukia Haidari, ambaye alisimama akitazama mteremko kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. "Na wewe. Njia unaijua?"

"Sijawahi kushuka."

"Basi fuata nyuma. Mwanao huyo mvue lile gunia kwanza, asije akatufia njiani na kikohozi."

Haidari alitazama nyuma langoni, akatazama mlinzi, akatazama vichaka vya kulia na vya kushoto. Hata sasa alitaka kujua nani anamwona. Halafu akashuka kwenye tandiko, akafungua kamba ya kifuko. Dume jeusi likatikisa kichwa, likanyoosha shingo, na Zumari akamsogezea pua. Farasi wawili wakavutiana pumzi pale njia panda, na Haidari hakuwatenganisha. Hakutabasamu pia. Wakaanza kushuka, mkunga mbele, mpimaji nyuma, na Mwanamkuu akashika njia yake ya mawe.

Miezi ilipita. Siku moja, kwao Mtangani, alikuja mkulima mmoja jina lake Mkubwa Faki, akimvuta farasi mchanga anayetokwa na kamasi. Alikuwa amevuka milima miwili kumfuata daktari. Mwanamkuu alikuwa ameketi barazani pake, Hariri amefungwa kivulini. Alimwona mtu yule akimsogeza farasi wake karibu na Hariri, na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amekwisha kuinuka na kusimama katikati yao.

"Umetoka naye wapi?" akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Kila daktari huliuliza. Lakini sauti haikuwa ya daktari, na Mkubwa Faki alirudi hatua moja, akaivuta kamba karibu na kifua.

"Nimekosa nini, mama?" akasema. "Mimi nimekuja na mgonjwa tu."

Mwanamkuu alisimama pale, mkono bado umeinuliwa. Alikuwa amelala Pumuani majuma machache tu. Alikuwa amekula chakula chao, na kuvuta hewa yao, na hakuna aliyekuwa amempitishia kijiti wakati wa kutoka.

Akashusha mkono.

"Hujakosa kitu, baba. Karibu," akasema. "Mfunge kivulini, mbali kidogo na huyu wangu, maana kamasi huambukiza. Kisha ukae unywe maji. Hujambo lakini? Na nyumbani hawajambo? Mimi hata salamu sikukupa."